Kaa Kidogo, Matangazo Bado

Padre akishamaliza Sala baada ya Komunyo na kutukaribisha tuketi tusikilize matangazo, viti vya nyuma huanza kubaki wazi. Mwenye mtoto anayelia namwelewa. Anayewahi zamu kazini namwelewa pia. Ninaowaandikia leo ni wale ndugu zangu wengine, wanaotoka kwa kuamini kwamba Misa imekwisha na kinachofuata ni mambo ya ofisi tu: zaka, vikao, mazoezi ya kwaya. Nimehudumu kama katibu katika parokia yetu. Kazi ya kuyakusanya matangazo, kuyapunguza na kumpelekea padre imepitia mikononi mwangu Jumapili nyingi, na nina hakika kwamba anayeyakosa amekosa kitu kinachomhusu mbele ya Mungu.

Tazama mahali yalipowekwa. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi, kitabu cha sala za Misa, katika namba 166 unaelekeza kwamba matangazo mafupi kwa waamini, kama yapo, yatolewe baada ya Sala baada ya Komunyo. Ndipo hufuata baraka na kutumwa. Yaani tunaambiwa kwanza nani anaumwa, nani amefiwa, nani wanafunga ndoa, wapi panahitajika mikono ya kusaidia, na baada ya hapo tunaambiwa nendeni na amani. Mpangilio huo una maana yake. Mtu akitumwa bila kujua anatumwa kwa nani, ataishia nyumbani kwake. Na hilo neno "mafupi" nalo limo humo humo katika mwongozo, wala halikuwekwa kwa bahati.

Wala jambo hili halikuanza jana. Fungua Waraka kwa Warumi, sura ya 16, ile sura ambayo wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Paulo anamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na kuwaomba Warumi wampokee na kumsaidia katika jambo lolote atakalohitaji. Anawasalimu Priska na Akila pamoja na kanisa lililo nyumbani mwao. Anataja mmoja mmoja, na waliofanya kazi kwa bidii anasema walifanya kazi kwa bidii. Katikati ya salamu hizo anajitokeza Tertio, aliyeuandika waraka huo kwa mkono wake, naye anasalimu. Kila nikifika kwenye mstari ule nafurahi, maana ni katibu wa parokia amepewa nafasi ya kusema neno moja. Katika Waraka kwa Wakolosai, Paulo anaagiza barua ikishasomwa kwao isomwe pia katika kanisa la Laodikia. Hayo yote ni matangazo. Kanisa la kwanza liliishi kwa kupashana habari za watu wake, na habari hizo leo tunazisoma kama Neno la Mungu.

Miaka mia moja hivi baadaye, mjini Roma, Mtakatifu Yustino Shahidi aliandika kueleza Wakristo wanafanya nini siku ya Jumapili. Masomo husomwa, anayeongoza huhubiri, sala hufanywa, mkate na divai huletwa. Kisha anaongeza mambo mawili ambayo kila kiongozi wa jumuiya angepaswa kuyajua kwa moyo: mashemasi huwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuweza kuja, na wenye uwezo hutoa wapendavyo, sadaka ikawekwa kwa anayeongoza ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Nani alimwambia kiongozi huyo kwamba fulani ni mgonjwa, fulani amefungwa? Lazima habari zilikuwa zinatembea. Bila habari, sadaka ile isingejua pa kwenda.

Tangazo ninaloliheshimu kuliko yote ni lile la ndoa. Vijana wetu hulichukulia kama utaratibu wa kuwaaibisha, majina yao na ya wazazi wao kusomwa mbele ya watu wote, tangazo la kwanza, la pili, la tatu. Historia yake inasema vingine. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, uliagiza kwamba mapadre watangaze ndoa hadharani kanisani kabla hazijafungwa, ili mwenye kujua kizuizi apate muda wa kukisema. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukakaza zaidi: ndoa itangazwe mara tatu, siku tatu za sikukuu zinazofuatana, wakati wa Misa, na paroko wa wahusika. Mababa wa Trento walieleza wazi kilichowasukuma. Walikuwa wameona wanaume wakifunga ndoa za siri, kisha wakiwaacha wake zao hao na kufunga ndoa nyingine hadharani, na Kanisa likakosa namna ya kumtetea yule wa kwanza kwa kuwa hapakuwa na shahidi. Basi tangazo la ndoa lilikuja kwa ajili ya mwanamke aliyedanganywa. Lilikuja kumlinda asiyekuwa na mtetezi.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimeliachia Baraza la Maaskofu la kila nchi kupanga namna ya kutangaza (kanuni ya 1067), lakini kanuni ya 1069 inatugusa sisi sote tuliokaa kwenye viti: kila mwamini anayejua kizuizi anawajibika kumweleza paroko au askofu kabla ndoa haijafungwa. Anawajibika. Neno hilo ni zito. Na njia yake ni ya utulivu: unakwenda ofisini kwa padre, unasema unachokijua, unamwachia achunguze. Kupiga kelele kanisani au kunong'onezana nje ya geti ni kuwatesa watu wawili ambao pengine hawana kosa. Sasa wewe uliyetoka kabla ya tangazo kusomwa, jukumu lako umelifanyaje? Na ukiacha vizuizi, kuna hili la furaha: vijana wawili wanapotangazwa, wanaombewa. Mama mmoja wa makamo wa parokia yetu huandika majina yote yanayotangazwa nyuma ya kitabu chake cha nyimbo, akawaombea mpaka siku ya harusi. Wao hawana habari, wala yeye hawafahamu.

Kwenye ofisi ya parokia matangazo haya huacha alama. Kanuni ya 535 inataka kila parokia iwe na daftari la ubatizo, la ndoa na la waliofariki, na katika daftari la ubatizo ziandikwe pia habari za Kipaimara, ndoa, Daraja Takatifu na nadhiri za daima. Mtu alibatizwa kijijini akiwa mchanga, akafunga ndoa mjini: habari ya ndoa hiyo inatakiwa irudi kijijini, iandikwe pembeni ya jina lake lilelile. Nimeona madaftari ya zamani ambayo karatasi zake zimekuwa rangi ya chai, yenye majina ya watu waliobatizwa kabla babu zetu hawajazaliwa, na pembeni maandishi ya kalamu nyingine, ya padre mwingine, ya miaka ishirini na zaidi baadaye. Kila mtu ana mstari wake. Ndiyo maana nakereka cheti cha ubatizo kinapotafutwa wiki moja kabla ya harusi kana kwamba ni risiti iliyopotea.

Lakini parokia haiwezi kujuana kwa matangazo ya Jumapili peke yake, hasa parokia yenye maelfu ya waamini na Misa nne. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati waliliona hilo mapema. Katika mkutano wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao, wa mwaka 1973 walisema maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya zile ambamo watu wanaishi na kufanya kazi kila siku, na mwaka 1976 wakazifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Mwaka 1979, huko Zomba nchini Malawi, wakakaa tena kupima utekelezaji. Hapa Tanzania, Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikuwa miongoni mwa walioliishi wazo hilo kwa mwili wao: alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha Ujamaa, akalima nao. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ikaliita Kanisa Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo wa Pili akalithibitisha hilo mwaka 1995 katika waraka wake Ecclesia in Africa. Familia inajuana kwa majina. Jumuiya ya nyumba kumi na tano au ishirini inaweza kujuana kwa majina.

Na ndivyo ilivyo pale inapofanya kazi. Wanajumuiya huingia nyumbani kwa mtu na "Tumsifu Yesu Kristo", wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja, wanasali, kisha mwenyekiti anauliza habari za wiki. Hapo ndipo parokia inapata masikio. Mzee fulani hajaonekana wiki mbili. Binti wa nyumba ile amejifungua. Baba wa watoto wale amefukuzwa kazi na anaona aibu kusema. Katekista akipata habari hizo, padre atazipata, na Komunyo ya mgonjwa itafika, na Mpako wa Wagonjwa utatolewa mtu angali na akili zake, badala ya kumkimbilia padre usiku mgonjwa akiwa ameshapoteza fahamu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeshuhudia familia nyingi zikificha ugonjwa mpaka siku ya mwisho, kwa kuogopa kwamba padre akionekana getini majirani watasema mtu anakufa. Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti ya wagonjwa. Jina lenyewe linatosha.

Hapa sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza, na nitalisema kwa heshima yote kwa viongozi wenzangu.

Jumuiya ilianza kama mahali pa kujuana. Sehemu nyingi imegeuka kuwa geti. Ukitaka kubatiza mtoto, lete barua ya jumuiya. Ukitaka kufunga ndoa, barua ya jumuiya. Mpaka hapo sina ugomvi. Paroko ana haki ya kuuliza walezi wa mtoto huyu ni akina nani, na wanaomjua mwamini vizuri ni wenzake wa jumuiya. Ubaya unaanza mtu anapokufa. Familia inakwenda kuomba padre aje azike, daftari la mahudhurio linafunguliwa, na inasemwa huyu hakuwa anasali jumuiya, huyu ana deni la michango. Maiti iko ndani, mjane ameketi chini, na viongozi wanahesabu mahudhurio.

Sheria ya Kanisa iko wazi kuliko desturi zetu. Kanuni ya 1176 inasema waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa kadiri ya sheria. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa, wasipoonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioikana imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa, wanaojulikana wazi; waliochagua mwili uchomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo; na wadhambi wa hadharani ambao kuwapa mazishi ya Kanisa kungewakwaza waamini. Pakiwa na shaka, aulizwe askofu wa mahali. Kutohudhuria jumuiya hakumo katika orodha hiyo. Deni la mchango halimo. Zaidi ya hapo, kanuni ya 1181, ikizungumzia sadaka za mazishi, inaonya kwamba maskini wasinyimwe mazishi wanayostahili, na kanuni ya 848 inasema mtoa sakramenti ahakikishe wenye shida hawakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nimeisikia vikaoni: tukiwazika wote, nani atakuja jumuiya? Nafikiri swali hilo limekaa vibaya. Mtu anayekuja jumuiya kwa kuogopa kukosa padre siku ya mazishi yake amekuja kulipia kaburi. Aliyeacha kuja alipaswa kufuatwa akiwa hai. Pengine alikuwa na zamu za usiku. Pengine aligombana na mwenyekiti. Pengine hakuwa na kitu cha kutoa na kila wiki kikapu kilipita mbele yake. Jumuiya isiyojua kwa nini jirani yake aliacha kuja imekosa kazi yake ya kwanza, na kumlipiza marehemu hakuwezi kuirudisha. Mahali ambapo nimeona jumuiya ikimzika kwa heshima mtu aliyekuwa mbali na Kanisa, wakaimba, wakachimba, wakakaa na wafiwa hadi usiku, wiki zilizofuata wanawe walianza kuja. Sisemi itakuwa hivyo kila mara. Hata wasingekuja, kuzika wafu ni tendo la huruma, wala halina sharti la mahudhurio.

Pesa nazo zina neno lake. Sina aibu na parokia kuomba pesa. Kanuni ya 222 inatuwajibisha waamini kulitegemeza Kanisa kwa ajili ya ibada, kazi za utume na upendo, na matunzo ya wahudumu wake, na anayeelewa hilo hutoa kwa furaha. Kinachowachosha watu ni matangazo yanayoomba bila kutoa hesabu. Paulo, alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaambia Wakorintho wawachague wenyewe watu wa kuupeleka, na katika waraka wa pili akaeleza kwamba anajihadhari asilaumiwe na mtu juu ya kiasi kile kikubwa, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu vilevile. Mtume mwenyewe hakutaka kushika pesa bila mashahidi. Sheria ya Kanisa imeshika njia hiyo hiyo: kila parokia lazima iwe na baraza la fedha (kanuni ya 537), wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa (kanuni ya 1287), na sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu (kanuni ya 1267). Pesa ya paa ni ya paa. Ikitumika kulipia gari, hata gari likiwa la lazima, waliochangia paa wamevunjiwa neno.

Basi hesabu ziwepo kwenye matangazo. Zikisomwa kila robo ya mwaka, kwa dakika tano, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na zikabandikwa mlangoni kwa anayetaka kusoma taratibu, sehemu kubwa ya manung'uniko inakwisha. Kitu kimoja naomba kisifanyike kamwe: kusoma majina ya ambao hawajamaliza ahadi zao. Nimewaona watu wakiinamisha vichwa baada ya kupokea Mwili wa Kristo, dakika kumi tu tangu wasimame kwenye foleni moja na yule aliyemaliza ahadi mwezi wa kwanza. Hilo linaharibu kile ambacho Komunyo imetoka kukijenga. Deni ni la kuzungumza na mtu faraghani.

Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp, na ninayashukuru kwa misiba: habari inafika kabla ya jioni, na wanaoishi mbali wanatuma rambirambi. Ila picha za wagonjwa walio kitandani zisiwekwe humo. Taarifa ya fulani kulazwa itolewe kwa ridhaa yake au ya familia yake.

Na kuna tangazo moja ambalo halihitaji kuandikwa na katibu yeyote, lakini watu wengi hawalijui. Kanuni ya 534 inamtaka paroko, kila Jumapili na kila sikukuu ya amri jimboni mwake, atoe Misa kwa ajili ya watu aliokabidhiwa. Nia za Misa husomwa nyingi, za marehemu, za shukrani, za safari na mitihani, na asiyekuwa na cha kutoa anaweza kujiona hana Misa. Anayo. Kila Jumapili ipo Misa ya watu wote wa parokia, waliotoa na wasiotoa, waliokuja na waliobaki nyumbani. Mapadre wetu wangelitaja hilo mara moja moja, watu wangefarijika sana.

Waliobaki nje zaidi ya wote ni wageni. Mjini watu huhama kila mwezi: mwanafunzi, mpangaji wa chumba kimoja, dada wa kazi, askari aliyehamishwa. Kanuni ya 529 inamwagiza paroko awatafute kwa bidii maskini, wenye mateso, wapweke na waliohamishwa mbali na nchi yao, na paroko mmoja hawezi kuwafikia bila sisi. Mgeni huja Misa ya kwanza, anakaa pembeni, anasikiliza majina ya jumuiya yakisomwa, Mtakatifu huyu, Mtakatifu yule, na hajui hata moja iko mtaa gani. Katika kikao kijacho cha halmashauri ya parokia nitapeleka pendekezo: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi zisomwe jumuiya zote pamoja na mitaa yake, siku na saa za kusali, na wenyeviti wasimame waonekane. Baada ya Misa wabaki mlangoni kwa robo saa, wenye vitambulisho vifuani, mgeni awe na mtu wa kumuuliza. Tukikubaliana, nitaomba lianze kabla ya Majilio.